Kebo Haisimami: Jinsi Abiria wa La Paz Wanavyopanda Gari Linalotembea

MWANAIDI: Leo tuko La Paz, Bolivia, kwenye Mi Teleférico, magari ya kebo yanayopeleka watu kazini na sokoni. Laini nyekundu ndiyo ya kwanza, ilifunguliwa 2014 kuunganisha La Paz na El Alto, mji uliokaa juu ya ukingo wa bonde, mita kama 400 juu zaidi. Kaka Deo, kebo inazunguka bila kusimama, na abiria wanapanda. Inakuwaje?

DEO: Kwanza tuulize kwa nini mtu ajisumbue kupakia watu bila kusimamisha kebo. Chukua basi la tani 18 pamoja na abiria, linakwenda kilomita 36 kwa saa. Mwendo huo umebeba kilojuli 900, yaani robo ya yuniti ya umeme. Dereva akifunga breki kituoni, robo yuniti imegeuka joto. Akiondoka, anailipa upya, na kwa dizeli analipa zaidi ya mara mbili, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta inaishia kwenye joto la injini.

MWANAIDI: Mabasi ya umeme si yanarudisha kwenye betri?

DEO: Yanarudisha sehemu tu. Sasa kabini ya watu 10 ikijaa ina uzito wa tani moja na nusu hivi, kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya kilojuli 19. Halafu mota haibebi uzito wa kabini zenyewe kwenda juu, kwa sababu zinazoshuka zinazivuta zinazopanda. Inalipia tofauti ya abiria na msuguano. Jioni wengi wakipanda El Alto, inafanya kazi kwelikweli. Wengi wakishuka, mota inaweza hata kugeuka jenereta.

MWANAIDI: Tuingie kituoni.

DEO: Kila kabini imeshika kebo kwa kibanio chenye springi. Ikiingia kituoni, gurudumu la kibanio linapanda reli iliyopinda, reli inasukuma mkono, taya zinaachia. Kebo inaendelea na mita zake 5. Kabini sasa iko juu ya reli, na safu ya matairi madogo inagusa bamba lililo juu yake. Kila tairi linazunguka polepole kuliko lililotangulia, hadi kabini inabaki na mwendo wa kama sentimita 30 kwa sekunde. Ukipunguza kwa kiasi asichokisikia abiria sana, unahitaji mita 12 hadi 13 za reli.

MWANAIDI: Ndiyo maana vituo vile ni virefu.

DEO: Ndiyo. Milango inafunguliwa na reli ya pembeni inayosukuma lever, wanaoshuka wanatoka kwanza, wengine wanaingia. Kisha matairi upande wa pili yanaiharakisha mpaka ilingane na kebo, na ndipo kibanio kinafunga. Isipolingana, taya zinaburuta kwenye waya. Hapo ndipo waya zinaumia.

MWANAIDI: Na matairi yanajuaje mwendo wa kebo?

DEO: Kwa mfumo wa kawaida yanaendeshwa kwa mikanda kutoka kwenye roda ambazo kebo yenyewe inazizungusha. Kebo ikipungua, nayo yanapungua. Uzuri huo una gharama yake: akija mtu wa kiti cha magurudumu, mhudumu anapunguza mwendo wa laini nzima. Walio angani wote wanasubiri.

MWANAIDI: Nini huharibika zaidi?

DEO: Tairi lililopungua upepo. Kipenyo kinapungua, kasi inabadilika, nafasi kati ya kabini zinavurugika. Springi ya kibanio nayo inachoka, kwa hiyo nguvu yake inapimwa kituoni, na ikishuka chini ya kiwango laini inajisimamisha. Kebo inakaguliwa kwa sumaku kutafuta nyuzi zilizokatika ndani. Ila vibanio vya kuachia vina faida moja: havishiki pale pale kila mzunguko, kwa hiyo uchakavu unasambaa.

MWANAIDI: Umeme ukikatika?

DEO: Injini ya dharura ya dizeli inarudisha kabini zote kituoni polepole. Upepo mkali na radi ndivyo vya kuogopa. Hapo laini inasimamishwa kwa makusudi.

MWANAIDI: Inabeba wangapi?

DEO: Kabini moja kila sekunde 12 ni 300 kwa saa, mara 10, watu 3,000 kwa kila upande.

MWANAIDI: Mbona kidogo! Mwendokasi wa Dar, basi la watu 150 likija kila dakika, ni 9,000.

DEO: Umepiga hesabu sawa. Lakini kwenye njia yake ya Kimara hadi Kivukoni hakuna bonde la mita 400 la kuruka, na watu ni wengi mno. Huko ningeongeza mabasi ya umeme kwanza, nipunguze kusimama kwenye makutano ya barabara.

MWANAIDI: Taa za barabarani zinakula hiyo robo yuniti yako bila kupakia mtu hata mmoja.