Nyumba ya Kupanga Ugenini: Kinachotafutwa Kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kuitika. Najua wengi mmekuja na swali la bei. Nitawavunja moyo kidogo, kwani bei ya kila mji utaijua ukifika. Jambo linalowasumbua wageni zaidi ni jingine: mtu ana fedha taslimu, ana kazi, na bado ananyimwa nyumba.

Sababu haina siri. Mwenye nyumba hamjui. Mwenyeji ana kumbukumbu za madeni aliyokwisha kulipa, ana mzazi wa kumdhamini, pengine mwajiri wake anajulikana mtaa mzima. Wewe umeshuka juzi na sanduku lako.

Kila nchi ina njia yake ya kumpima mtu wa namna hiyo. Ujerumani huulizwa taarifa kutoka Schufa, taasisi inayotunza rekodi za mikopo na madeni. Mgeni hana chochote humo. New York, wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwaka kisichopungua mara 40 ya kodi ya mwezi, na usipofikia ulete mdhamini. Japani zipo kampuni za udhamini, na anayezilipa ni mpangaji. Ufaransa nako mdhamini huulizwa karibu kila mahali, lakini upo mpango uitwao Visale unaodhamini vijana wa miaka 18 hadi 30 bila malipo, wakiwemo wanafunzi wa kigeni wenye viza ya muda mrefu. Nawashangaa wanaokwenda kusoma kule hawajausikia!

Kwa hiyo kabla hujaanza kuangalia picha za sebule, andaa karatasi: pasipoti na viza, mkataba wa kazi au barua ya chuo, hati za mshahara, taarifa ya benki, na barua ya mwenye nyumba wako wa zamani ikithibitisha kwamba ulilipa kwa wakati. Ziunganishe katika faili moja. Kwenye miji yenye foleni ya wapangaji, anayetuma kila kitu jioni ileile humtangulia anayesema "nitakuletea kesho".

Usifunge mkataba wa mwaka mzima kabla hujafika. Panga chumba cha muda kwanza, lakini hata hicho kiulizie: je, nitaruhusiwa kuandikisha anwani hii serikalini? Ujerumani sheria inataka ujiandikishe ndani ya wiki mbili tangu kuhamia, ukiwa na uthibitisho wa maandishi kutoka kwa aliyekupa nyumba. Wako wanaokataa kuutoa. Usipojiandikisha, akaunti ya benki inaweza kukwama, kibali cha ukaazi nacho kikakwama. Chumba cha hivyo kipite, hata kingekuwa na roshani ya kutazama mto.

Matapeli nao wanaujua udhaifu huu wa mgeni. Utakuta fleti katikati ya mji, picha zinang'aa, kodi ni nusu ya jirani zake. Mwenyewe anaandika kwa upole kwamba yuko nchi nyingine kikazi, hawezi kuja kukuonyesha, tuma amana, ile fedha ya dhamana unayorudishiwa ukihama, naye atakutumia funguo kwa posta. Hakuna funguo. Usilipe kabla wewe, au mtu unayemwamini, hajaingia ndani na kuona nyumba na mwenye haki ya kuipangisha.

Amana yenyewe ina mipaka. England haizidi kodi ya wiki tano, pale kodi ya mwaka ikiwa chini ya pauni 50,000, na ni lazima iwekwe kwenye mfuko unaotambuliwa kisheria ndani ya siku 30. Ujerumani ni kodi ya miezi mitatu bila kuhesabu gharama za uendeshaji kama maji na kupasha nyumba joto, na unayo haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba isiyo na samani, miwili kwa yenye samani. Dalali akikudai zaidi ya hapo, mwombe akuonyeshe kifungu cha sheria. Mara nyingi atapunguza sauti.

Siku ya kukabidhiwa funguo usiwe na haraka. Fungua bomba la maji moto uliache litiririke. Vuta kabati uangalie ukungu ukutani. Soma mita ya umeme, ipige picha, na kila mkwaruzo uliokuwepo uandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano, isainiwe na nyote wawili kabla mwenye nyumba hajaondoka.

Sasa karibuni kwa maswali. Naona dada pale nyuma alishanyoosha mkono tangu nilipotaja mdhamini.