Mbona huku Polandi kila mtu ni Nowak?

Haya wadau wangu, mambo vipi, niko Poznań, baridi imeshaanza kung'ata. Leo tuongee hili mnaloniuliza sana, mbona huko mwenye nyumba ni Nowak, daktari Nowak, fundi bomba Nowak, ni ukoo mmoja au?

Hapana jamani, wengi wao hawana undugu wowote. Nowak, na wanatamka Novak maana w yao ndo v yetu, ndo jina la ukoo linaloongoza Polandi nzima, wako kama laki 2 kwenye nchi ya watu milioni 37 na ushee, na mkoa huu wa Wielkopolska wamejaa kweli kweli.

Sasa limetoka wapi. Zamani kijijini mtu alikuwa na jina la ubatizo basi, sasa akina Jan wakiwa wengi unawatofautishaje? Huyu Jan mhunzi, huyo ndo mambo ya akina Kowalski, na yule Jan aliyehamia juzi juzi ndo Nowak, yaani mtu mpya, mgeni. Na wageni walikuwa hawaishi, vita vimepita, tauni imepita, mashamba yamebaki bila watu, bwana mwenye ardhi anatafuta watu wa kufyeka msitu, anawapa shamba na kuwasamehe kodi miaka kadhaa ya mwanzo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, huku walikupa jembe na jina juu yake. Kila kijiji kikampa mgeni wake jina hilo hilo bila kuulizana na kijiji cha pili, ndo maana wako wengi hivyo na si ndugu. Baadaye serikali zilipoanza kuandikisha watu rasmi, lile jina la utani likabaki la familia moja kwa moja.

Hili linanigusa sana mimi, kwa sababu huku kila siku naulizwa unatoka wapi, kumbe jina kubwa kuliko yote nchini kwao ni la mtu aliyekuja kutoka kwingine!

Tarehe 1 Novemba huku kila mtu anaenda makaburini kuwasha mishumaa, na mimi nilienda na jirani yangu. Kwenye mawe ya familia utakuta wameandika Rodzina Nowaków, familia ya akina Nowak, lakini yale mawe ya zamani ndo matamu kusoma, mke anaandikwa Nowakowa, binti ambaye hajaolewa Nowakówna, yaani ukisoma tu unajua huyu mke, huyu binti. Siku hizi mwanamke naye ni Nowak tu, ila Kowalski yeye bado anageuka, mwanamke ni Kowalska, kwa hiyo mkija kusoma huku msimwandikie mwalimu wa kike Kowalski.

Wacheki nao jina lao la kwanza kwa wingi ni hili hili, wanaandika Novák, mwanamke Nováková, japo tangu 2022 sheria inamruhusu aache hiyo -ová akitaka. Slovenia pia Novak ndo linaongoza. Djokovic wa tenisi msimchanganye humo, kwa Waserbia Novak ni jina la mtu, la ukoo ni hilo Djokovic.

Na nyie wa Arusha, haya mambo mnayo hapo hapo. Tengeru kuna makaburi ya Wapolandi, wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili, Wasovieti waliwahamisha kwa nguvu wakatupwa mpaka Siberia, wakatoka kupitia Irani, kuanzia 1942 wakafikia kwetu, kambi ilikuwa na watu kama elfu 5, wengi akina mama na watoto. Mkipita hapo ingieni msome yale majina taratibu, mkikuta -ska mjue ni mwanamke, -ski mwanaume, mkikuta -ówna huyo ni binti, halafu mniandikie mmekuta majina gani, nitayachambua moja moja video ijayo.