Kuchora Msalaba wa Kusini wa Bendera ya Australia

Haya, karibuni. Leo ni nyota tano tu, zile za nusu ya kulia: kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, na majina yake ni Alfa, Beta, Gama, Delta na Epsiloni. Kitambaa cha buluu, kimo sentimita 42, urefu 84. Nimetumia 42 kwa sababu inagawanyika kwa 6 na kwa 7, rula haitakusumbua.

Weka nukta sentimita 21 kutoka ukingo wa kulia na 21 kutoka juu. Hicho ndicho kitovu chetu. Gama iko juu yake, 7 kutoka ukingo wa juu. Alfa iko chini, 7 kutoka ukingo wa chini. Beta: 10.5 kushoto ya kitovu, 2.6 juu. Delta: 9.3 kulia, 5.4 juu. Naam, Delta imeipita Beta kwa kimo. Usiisawazishe! Hata angani haziko sawa.

Sasa nyota nne hizo zenyewe, kwenye karatasi ngumu. Kipenyo ni 6, kwa hiyo bikari ifunguke 3. Tatu, jamani, si sita. Duara la ndani ni nne ya tisa ya la nje: bikari 1.3.

Ncha ni saba, na hapa ndipo kazi huharibika. Usipime nyuzi 51 halafu ukasogeza kipimapembe upime 51 nyingine. Kosa linajilimbikiza na ncha ya mwisho inakuwa nyembamba kama sindano. Pima zote kutoka sifuri, ncha ya juu: 51.4, 102.9, 154.3, 205.7, 257.1, 308.6. Ngoja, mkono wangu umeziba... nasogeza taa. Mnaona? Zote kutoka sifuri! Mabonde yanakaa katikati ya ncha kwenye duara la ndani, na moja lazima liangukie 180, chini kabisa. Lisipoangukia hapo, futa.

Kwanza, mwaka 1901, ncha zilitofautiana, tano hadi tisa, kufuata mng'ao wa kila nyota. Mwaka 1903 zikarahisishwa. Mimi nawashukuru sana.

Epsiloni ndiyo ndogo: kipenyo 3.5, ncha tano, kila baada ya nyuzi 72. Iko 4.2 kulia na 1.75 chini ya kitovu. New Zealand wameiacha kabisa; zao ni nne, nyekundu zenye ukingo mweupe.

Kata nyota kwenye kitambaa cheupe, mbilimbili, maana bendera ina pande mbili. Upande wa nyuma Epsiloni inahamia kushoto. Ukiiona hivyo mbele, umegeuza kitambaa. Kwenye bendera ya Brazil iko kushoto kwa makusudi: anga lao limechorwa kama linavyoonekana kutoka nje, si kutoka duniani, na kila nyota ni jimbo, isipokuwa moja ya wilaya ya mji mkuu. Alfa ni São Paulo, Epsiloni ni Espírito Santo.

Bandika kwa pini, ncha moja juu, kisha shona ukingoni ukianzia bondeni. Ukianzia kwenye ncha, kitambaa kinakunjika.