Asilimia 43 Haimtoi Mtu Kwenye Undugu

Narudia, na nitarudia mpaka Ujiji yote inisikie: asilimia 43 haimtoi mtu kwenye undugu! Watu wanakaa kikao cha mirathi na majibu ya vinasaba mkononi, yanasema ndugu wawili wamefanana asilimia 43, mmoja anadakia: "Si tuliambiwa ndugu wa baba na mama ni 50? Hizo 7 ziko wapi?" Basi macho yote yanamgeukia mjane wa watu, asiye na kosa lolote. Inaniudhi sana.

Hiyo 50 ni wastani, jamani. Baba ana nakala mbili za kila kipande cha vinasaba: moja ya baba yake, moja ya mama yake. Mtoto anapewa moja, kwa bahati, kama kurusha shilingi. Akija wa pili, shilingi inarushwa upya, haijali wa kwanza alipata nini. Kwa mama ni hivyo hivyo. Sasa linganisha ndugu wawili: karibu robo ya vinasaba wamefanana nakala zote mbili, nusu wamefanana moja, na robo iliyobaki hawakufanana hata moja. Ndiyo, mzee wangu hapo nyuma, hata moja, na wamelala tumbo moja! Tena vipande hurithiwa vikiwa virefu, kwa hiyo shilingi hazirushwi mara nyingi za kutosha kusawazisha mambo. Jumla huangukia popote kati ya 38 na 61 hivi.

Mtu atasema: basi kipimo ni cha kubahatisha. Sio! Watoto wa baba mmoja, mama mbalimbali, huzunguka 25. Kwa kawaida ni 17 hadi 34. Na ile robo ya nakala zote mbili hawanayo, isipokuwa mama zao nao wawe na undugu.

Penye kuhitaji uangalifu ni pale kaka anapofariki na mdogo wake akamrithi mjane. Watoto wa kaka na wa mdogo, waliozaliwa na mama huyo huyo, wana wastani wa 37.5, na nakala zote mbili wanafanana kama asilimia 12.5. Hapo usitoe hukumu kwa jumla peke yake.

Naambiwa muda umekwisha. Haraka: kampuni nyingine za vipimo huhesabu sehemu ya nakala mbili mara moja tu, ndiyo maana ndugu halisi huonekana na 37 au 38, ulizeni wamehesabuje. Mama akiwa hai na akiridhia, apimwe naye. Na shauri likifika mahakamani, kipimo ni cha Mkemia Mkuu wa Serikali.