Mlangoni Saa 11 Jioni: Kanuni za Kuwazuia Vijana Wasiosindikizwa Kwenye Majumba ya Maduka

Ndugu zangu wasimamizi, walinzi na wazazi, na nyinyi vijana mliokuja kusikiliza, habari za jioni. Tunazungumzia kanuni inayomkataza kijana wa chini ya umri fulani kuingia au kubaki katika jumba la maduka bila mtu mzima. Msimamo wangu nautoa mapema: kanuni hii huharibikia mlangoni. Anayeiandika ofisini huwaza umri na saa. Anayeitekeleza anakisia umri wa mtu kwa kumtazama usoni, huku foleni inarefuka.

Jumba lililoipa kanuni hii umaarufu ni Mall of America, lililopo Bloomington katika jimbo la Minnesota, Marekani. Lilifunguliwa 1992, na Oktoba 1996 likaanza kudai kwamba jioni za Ijumaa na Jumamosi, kuanzia saa 12, kila aliye chini ya miaka 16 awe na mtu mzima wa miaka 21 au zaidi. Majumba mengine yakafuata, kila moja na vipimo vyake. Garden State Plaza, lililopo Paramus, New Jersey, lilipoanza Aprili 2023 liliweka umri wa miaka 18 na saa 11 jioni, siku hizo hizo mbili. Miaka hiyo miwili ya nyongeza si midogo. Kijana wa miaka 17 mwenye leseni ya udereva anaweza kuegesha gari nje, kisha akaambiwa mlangoni akamlete mzazi.

Kisheria, Marekani inampa mwenye jumba nafasi kubwa. Mwaka 1972, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Tanner, Mahakama ya Juu iliamua kwamba jumba la maduka ni mali binafsi, hata kama milango yake iko wazi kwa umma. Mwaka 1980, katika kesi ya PruneYard, jumba la maduka la California, ikakubali kwamba jimbo linaweza kuwapa watu haki pana zaidi ya kujieleza humo kupitia katiba yake. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 inakataza kubagua wateja katika migahawa, majumba ya sinema na sehemu nyingine za huduma kwa rangi, dini au asili ya taifa, umri haumo. Kwa hiyo kanuni ya umri inaweza kusimama, ila mlinzi akiitumia kwa vijana weusi tu na kuwaacha wenzao weupe wapite, hapo sheria imevunjwa. Hofu hiyo ilitajwa tangu mwanzo kule Minnesota, na ilikuwa na msingi.

Brazili inatufundisha kwa njia nyingine. Sheria yao ya watoto na vijana ya 1990, kifungu cha 16, inawapa haki ya kwenda, kurudi na kukaa katika maeneo ya umma na ya jamii, isipokuwa pale sheria inapoweka mipaka. Mwishoni mwa 2013 na Januari 2014, vijana wa vitongoji vya São Paulo walianza kuitana mitandaoni wakakutane kwa mamia kwenye majumba ya maduka. Baadhi ya majumba yalipata amri za mahakama, mojawapo ikitishia faini ya reali 10,000 kwa kila mshiriki. Huko Itaquera polisi walitumia mabomu ya machozi na risasi za mpira. Sasa fikirieni mlinzi aliyepewa amri kama hiyo: mshiriki anamtambuaje? Anabaki na nguo na rangi ya ngozi.

Ziko njia mbili ambazo siziungi mkono. Bluewater, kule Kent, Uingereza, mwaka 2005 lilipiga marufuku kofia za jaketi zinazoficha uso. Mwaka huo huo kikaja kifaa cha kutoa mlio mkali wa masafa ya juu, karibu kilohezi 17, ambao watu wazima wengi hawausikii. Mlio huo hauulizi nani amekosa, na mtoto mchanga kwenye kigari anausikia pia.

Tuje kwenye uandishi. Msiandike “mtu mzima wa miaka 21” mkaishia hapo. Mama wa miaka 19 aliyembeba mwanawe, yeye mwenyewe anaruhusiwa kuingia, lakini mtoto wake, kwa maneno hayo, hana msindikizaji. Andikeni “mzazi au mlezi wa umri wowote, au mtu mwingine wa miaka 21 na zaidi.” Wekeni idadi ya vijana kwa kila msindikizaji. Wapo wanaoruhusu wanne, wapo wanaofika kumi. Bila ukomo, mtu mmoja atasimama mlangoni akiingiza makundi asiyoyajua. Andikeni pia kama msindikizaji lazima awe nao hatua kwa hatua au inatosha awepo jengoni. Vijana walioajiriwa madukani wapite kwa kadi ya kazi, wakiingia na wakitoka.

Mlangoni wekeni walinzi wawili, mmoja wa kuangalia vitambulisho, mwingine wa kuzungumza na aliyekwama. Kukisia umri kwa macho hukosea kwa miaka kadhaa, kwa hiyo wekeni pengo: kama mpaka ni 18, kila anayeonekana chini ya 25 aombwe kitambulisho, bila kuchagua. Wauzaji wa pombe Uingereza wamezoea utaratibu huo. Maneno ya mlinzi yawe yale yale kwa wote: “Karibu. Kuanzia saa 11 tunaangalia umri wa kila anayeonekana kijana. Naomba kitambulisho.” Atazame picha na tarehe ya kuzaliwa, akirudishe. Asikipige picha. Kumbukeni kwamba kadi nyingi za shule hazina tarehe ya kuzaliwa. Amueni mapema kama mtazipokea, na mbandike orodha nje, mahali inaposomeka kabla ya mtu kushuka garini. Aliyekaguliwa afungwe utepe mkononi, wenye rangi inayobadilika kila siku, asisumbuliwe tena katika kila ukumbi.

Ndani ndiko ugomvi huanzia. Saa 11 ikifika, wamo vijana walioingia saa 9, wengine chakula kiko mezani. Tangazeni nusu saa kabla, halafu robo saa. Mwenye tiketi ya sinema amalize filamu, kisha asindikizwe hadi mlango ulio karibu na kituo cha basi. Na muongee mapema na yale maduka makubwa ya pembeni yenye milango yake ya nje. Mengi yanamiliki majengo yao, hayafungwi na kanuni yenu, na kijana aliyekataliwa mbele atapitia huko.

Aliyekataliwa anakwenda wapi? Swali hili karibu kila kanuni inaliruka, nami naliona kubwa kuliko yote. Ukimsukuma nje usiku umempeleka kwenye maegesho, penye magari yanayorudi nyuma na walinzi wachache. Wekeni benchi ndani ya mlango wa kwanza, penye mwanga na jicho la mlinzi, pamoja na simu na soketi ya kuchajia. Akae hapo hadi afuatwe au basi lije. Anayehitaji choo au dawa asindikizwe hadi huko na kurudi. Hati ya kumzuia asirudi jengoni apewe tu anayekataa kuondoka, kwa sababu katika majimbo mengi ya Marekani kurudi baada ya hati hiyo ni kosa la jinai, nalo litamwandama mtoto.

Mwisho, ipeni kanuni muda, tuseme siku 90, ikome yenyewe isipohuishwa. Kila mlango uandike saa, walioombwa kitambulisho, waliokataliwa na sababu. Mlinzi mmoja akikataa mara tatu zaidi ya mwenzake mlango huo huo na saa hiyo hiyo, kaeni naye siku hiyo hiyo. Linganisheni pia matukio ya alasiri na ya maegeshoni, kabla na baada. Kama fujo za saa 1 usiku sasa zinatokea saa 10, au zimehamia kituo cha basi, zamu za walinzi zihamie huko, na kanuni irudi mezani pamoja na vijana wenyewe.