Seli ya Fueli na Turbini Kwenye Mtambo Mmoja: Tuiheshimu Asilimia 53

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni mitambo inayounganisha seli ya fueli, kifaa kinachotoa umeme kutoka kwenye fueli bila kuichoma, na turbini ya gesi. Kaka Salim, kwenye mahesabu ya karatasi ufanisi wake, yaani sehemu ya nishati ya gesi inayogeuka umeme, unafika asilimia 70. Ule wa Irvine, California, ulipopimwa ukatoa 53 hivi. Mbona pengo kubwa?

SALIM: Dada Neema, hiyo 53 naiheshimu kuliko hiyo 70. Tazama ukubwa wa mtambo wenyewe. Siemens Westinghouse waliujenga kwa ajili ya Southern California Edison, majaribio yakaanza mwaka 2000 pale Chuo Kikuu cha California. Kilowati 220 tu! Turbini ndogo ya kiasi hicho, ikiwa peke yake, inahangaika kuvuka asilimia 30. Mitambo ile inayotumia moshi wa turbini kuchemsha maji inapita 60, sawa, lakini hiyo ni ya mamia ya megawati.

NEEMA: Na gesi ni ileile. Kinachoongezeka kinatoka wapi?

SALIM: Gesi ni ileile, ila haianzi kwa kuchomwa. Kompresa inasukuma hewa hadi shinikizo la kama mara tatu ya hewa ya kawaida, inaingia kwenye seli za kauri zenye joto la karibu nyuzi 1000. Ayoni za oksijeni, yaani chembe zenye chaji, zinapenya kauri, zinakutana na fueli upande wa pili, elektroni zinapita kwenye waya wa nje. Umeme huo! Pale Irvine seli zilitoa takribani kilowati 180. Ila seli haimalizi fueli yote. Ukiilazimisha, volti inaanguka na seli inaharibika. Mabaki ndiyo yanayochomwa, moshi wake ukazungusha turbini.

NEEMA: Na turbini nayo inalipa fadhila, maana ndiyo inayoendesha kompresa. Shinikizo likipanda, volti ya seli inapanda.

SALIM: Kabisa. Pengo unalouliza limekaa hapo kwenye turbini. Waliichukua iliyokuwepo tayari, haikubuniwa kwa ajili ya seli zile, kwa hiyo hewa ya mmoja haikulingana na mahitaji ya mwenzake. Hesabu za 70 zinachukulia mitambo mikubwa zaidi, iliyooanishwa tangu kwenye michoro.

NEEMA: Niongeze kitu kwa wanaosoma takwimu hizi. Asilimia hizo kwa kawaida hazihesabu joto linaloondoka na mvuke wa maji ulio kwenye moshi. Ukilihesabu, namba inashuka. Kabla ya kulinganisha mitambo miwili, hakikisha imepimwa kwa kipimo kimoja.

SALIM: Na kuna jambo linalonisumbua kuliko ufanisi: uendeshaji. Kati ya kompresa na turbini umeweka chombo kikubwa kilichojaa seli. Mzigo wa umeme ukikatika ghafla, turbini inaongeza kasi, hewa inayumba, kompresa inaweza kurudisha hewa nyuma. Kauri haivumilii msukosuko huo, inapasuka.

NEEMA: Ndiyo maana maabara ya serikali ya Marekani ya NETL, kule Morgantown, walitumia turbini ya kweli lakini seli ikawa ya kompyuta. Kompyuta inakokotoa joto ambalo seli ingetoa, kisha kichomeo kinalitoa joto hilo kweli. Ukikosea, hakuna kauri ya kununua upya. Kazi nzuri sana ile.

SALIM: Wajapani wamefika mbali zaidi. Mitsubishi waliweka mtambo wa aina hii wa kilowati 250 Chuo Kikuu cha Kyushu mwaka 2015, na mwaka 2019 mwingine ukaanza kazi kwenye jengo la Marunouchi, Tokyo. Wao wanataja asilimia 55.

NEEMA: Ndani ya jengo la ofisi! Hapo na joto linalobaki linatumika.

SALIM: Na hapo ndipo naona mahali pake: hospitali, chuo, jengo kubwa. Kwa kituo cha megawati 500, ile mitambo ya kuchemsha maji kwa moshi wa turbini bado inatosha. Mimi sasa nataka kujua kauri zile zinadumu saa ngapi kabla ya kubadilishwa, kwa sababu bei ya umeme itaamuliwa na hilo.