Kazi ya Huduma za Dharura: Kutoka Gati ya Mokowe Hadi Mlango wa Hospitali

SHEE: Assalaam aleikum, wasikilizaji wetu, na karibuni tena katika kipindi kinachorekodiwa hapa Langoni, mjini Lamu. Mimi ni Shee, na mwenzangu kama kawaida ni dada Khadija, ila leo hakukaa kwenye kiti cha mwulizaji bali cha mwulizwa, kwa sababu kazi tunayoizungumzia ndiyo inayompa riziki. Ni kazi ya mhudumu wa dharura za kitabibu, yaani yule anayemfikia mgonjwa au majeruhi kabla ya daktari na kumhudumia njiani mpaka hospitalini. Vijana wengi waliomaliza kidato cha nne wametuuliza waanzie wapi.

KHADIJA: Waaleikum salaam, kaka Shee. Jambo la kwanza nitakalowaambia ni kwamba wasianze na ada ya chuo. Waanze na mafunzo ya huduma ya kwanza, yale ya siku chache yanayotolewa na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya au na St John Ambulance, kisha wajitolee kwenye mikusanyiko kama vile Maulidi na mashindano ya mashua, ambako daima kuna mtu atakayezimia kwa jua au kujikata mguu. Gharama ya hayo ni ndogo, na faida yake ni kwamba mtu anajijua mapema. Wapo wanaodhani wataogopa damu, na wanaizoea mara moja. Na wapo wanaoitazama damu bila kupepesa macho lakini hawawezi kufanya kazi huku mama wa mgonjwa akilia pembeni yao. Afadhali ulijue hilo ukiwa umetoa nauli tu kuliko kulijua baada ya baba yako kuuza mbuzi.

SHEE: Na akishajijua, akaona kazi anaiweza?

KHADIJA: Hapo ndipo atafute kozi yenyewe. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya, tunachokiita KMTC, kina mafunzo ya fani hii, na kwa kawaida kozi za cheti katika chuo hicho huhitaji alama ya wastani ya C- katika mtihani wa KCSE, na zile za diploma huhitaji C, pamoja na masharti ya masomo mahususi kama Kiingereza au Kiswahili na Biolojia. Si kila tawi linalofundisha kila kozi, kwa hiyo kuwa na tawi la KMTC hapa Lamu hakumaanishi kwamba utasomea kozi hii nyumbani. Mtu aulize kabla ya kujaza fomu. Vipo pia vyuo vya binafsi, na huko ndiko ninakotaka watu wawe waangalifu zaidi.

SHEE: Kwa nini huko?

KHADIJA: Kwa sababu neno "dharura" limekuwa biashara. Namjua kijana wa mtaani kwetu aliyelipa ada ya chuo kimoja, nisichokitaja, akapewa cheti chenye muhuri mkubwa, na alipokipeleka kwa mwajiri akaambiwa hakitambuliki. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili. La kwanza, je, mwenye cheti hiki husajiliwa na Baraza la Wahudumu wa Dharura za Kitabibu la Kenya, linalojulikana kwa herufi zake za KCEMT? Usiridhike na jibu la mwenye chuo. Waulize baraza wenyewe. La pili, je, mafunzo ya vitendo yanafanyika wapi? Chuo kisichoweza kukutajia hospitali na ambulensi utakazofanyia zamu kinakuuzia karatasi.

SHEE: Hebu tueleze sasa kinachofundishwa humo darasani, maana wengi wetu tunadhani ni kuendesha gari kwa kasi huku king'ora kikilia.

KHADIJA: Dereva ni kazi yake, na mhudumu ni kazi yake, ingawa mahali pengine mtu mmoja hufanya zote mbili. Mhudumu hufundishwa kwanza utaratibu wa kumkagua mgonjwa: njia ya hewa iko wazi, anapumua vipi, mzunguko wa damu uko vipi, fahamu zake zikoje, kisha mwili mzima unakaguliwa ili jeraha lililofichwa na nguo lisipitwe. Hufundishwa kupima presha, mapigo ya moyo na sukari, kutoa oksijeni, kufunga mfupa uliovunjika, kubana mshipa unaovuja damu, na kumsaidia mama anayejifungua njiani. Hufundishwa pia kumfufua mtu ambaye moyo wake umesimama: unakandamiza kifua cha mtu mzima kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa mwendo wa mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mikandamizo 30 unampulizia pumzi mbili. Ukilisikia hivi ni jambo jepesi, lakini lifanye kwa dakika mbili tu kwenye sanamu ya mazoezi, utaona jasho linavyokutoka. Ndiyo maana tunabadilishana kila baada ya dakika mbili. Juu ya ngazi hiyo ya msingi kuna ngazi nyingine, na ya juu kabisa ni ya paramediki, ambaye huruhusiwa kutoa dawa nyingi zaidi na kufanya mambo ambayo mimi siruhusiwi kuyagusa.

SHEE: Nilisoma kwamba kazi hii kwa sura tunayoijua leo ni changa. Katika miji mingi ya Marekani, hadi miaka ya 1960, mgonjwa alibebwa na gari la polisi au hata gari la kubebea maiti, na waliombeba hawakuwa na ujuzi wowote. Kisha mwaka 1967 pale Pittsburgh ikaanzishwa huduma ya ambulensi ya Freedom House, ambapo vijana weusi waliokuwa wakiambiwa hawaajiriki walifundishwa chini ya Dakta Peter Safar, na wakawa miongoni mwa paramediki wa kwanza nchini humo.

KHADIJA: Historia hiyo naipenda, kwa sababu vijana wetu wa pwani huambiwa maneno yayo hayo. Ila mimi nina dai langu, na kipindi hiki nimekisubiri nilitoe. Mafunzo yetu, karibu yote, yanachukulia kwamba kuna gari na kuna barabara. Lamu mjini gari halipiti. Mitaa ya Mkomani ni myembamba kiasi kwamba machela ikikutana na punda aliyebeba mchanga, mmoja lazima arudi nyuma, na punda hana desturi ya kurudi nyuma. Mgonjwa wa Pate au Kizingitini anakuja kwa boti. Mgonjwa anayepelekwa Malindi au Mombasa anavushwa kwanza hadi Mokowe, upande wa bara, ndipo akutane na ambulensi ya magurudumu. Kijana wa hapa anayeijua bahari ana nusu ya ujuzi ambao mwalimu wa mjini hana, na nusu iliyobaki ndiyo anayopaswa kuifuata chuoni.

SHEE: Toa mfano, ili asiyeijua bahari naye akufuate.

KHADIJA: Chukua oksijeni. Mtungi wa lita 680, ambao ni wa kubebeka, ukimpa mgonjwa lita 10 kwa dakika utaisha baada ya dakika 68. Ukimpa lita 15, utaisha baada ya dakika 45. Katika mji wenye lami na hospitali karibu, hesabu hiyo haikusumbui. Lakini kutoka Kizingitini kwa boti ya kawaida safari hupita muda huo kwa mbali, na mlango wa Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, hupitika vizuri maji yakiwa yamejaa; yakikupwa, boti inakwama na nahodha anangoja. Kwa hiyo kabla ya kuondoka mhudumu wa hapa huuliza maswali mawili ambayo hayamo kitabuni: mtungi wa pili uko wapi, na maji yanajaa saa ngapi. Nahodha anaujua mwezi na anajua kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Mhudumu asiyemsikiliza nahodha atajikuta katikati ya mikoko na mtungi mtupu.

SHEE: Na moyo ukisimama mkiwa baharini?

KHADIJA: Mgonjwa hulazwa chini kabisa, juu ya ubao, kamwe si juu ya godoro, kwa maana ukikandamiza kifua juu ya godoro nguvu zako zinaishia kwenye sponji. Nahodha anapunguza mwendo, hasa wakati wa kusi, kwa kuwa boti ikiruka juu ya wimbi mikono yako inaachana na kifua. Ikiwa mna mashine ya kushtua moyo, kifua hukaushwa kwanza kwa kitambaa kabla ya kubandika vibandiko vyake, kwa sababu maji ya chumvi hupitisha umeme na vibandiko havishiki kwenye ngozi iliyolowa, na hakuna anayemgusa mgonjwa wakati inaposhtua. Kisha kuna gati. Maji yakiwa yamekupwa, ngazi za chini huwa na mwani unaoteleza, na hapo ndipo nimeona wabebaji wenye nguvu nyingi wakibabaika. Kanuni ni kwamba mgonjwa akipandishwa ngazi, kichwa hutangulia, na akiteremshwa, miguu hutangulia, ili kichwa kisalie juu wakati wote; na anayetoa amri ya kunyanyua ni mmoja tu, yule aliye kichwani. Mama mjamzito aliyekaribia siku zake halazwi chali. Hulazwa kwa ubavu wa kushoto, ili uzito wa mtoto usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni.

SHEE: Umemtaja mama mjamzito. Wanawake wanaosikiliza wanauliza kama kazi hii ni ya kiume, kwa sababu ya kubeba.

KHADIJA: Kubeba ni mbinu na idadi ya watu, si misuli ya mtu mmoja. Mimi nasema kinyume chake: hapa kwetu wanawake wanahitajika katika kazi hii kuliko wanaume. Kuna nyumba ambayo mwanamume mgeni hapiti ukumbini hata kama mgonjwa anakata roho, na kuna mama atakayeficha kwamba anavuja damu baada ya kujifungua kwa sababu aliyesimama mbele yake ni mtoto wa jirani. Nikilazimika kukata nguo ili nione jeraha, huwa nina leso mbili begani. Moja inafunika, nyingine inashikwa na jamaa yake kama pazia. Mwanamume pia anaweza kufanya hivyo, na anapaswa kufanya hivyo, lakini mgonjwa mwenyewe hutulia haraka zaidi akimwona mwanamke.

SHEE: Na siri? Mji wetu huu, habari hufika sokoni kabla ya mwenyewe.

KHADIJA: Hilo ni gumu kuliko damu. Utamhudumia mwalimu wako wa madrasa, na kesho utakutana naye kwenye baraza, na watu wataanza kukuchimba: "Yule mzee aliumwa nini?" Ukijibu mara moja tu, nyumba za mji mzima zitakufungia milango, na watu wataona heri wafe na siri zao. Ninachosema mimi ni "Mwombeeni dua", basi. Taarifa kamili anapewa mtu mmoja, naye ni muuguzi au daktari anayempokea mgonjwa hospitalini: umri wake, nini kimempata, umekuta nini ulipofika, umefanya nini na saa ngapi. Kijana anayeanza ajizoeze kuisema taarifa hiyo chini ya dakika moja, kwa sababu katika chumba cha dharura cha hospitali yetu ya King Fahd hapa Lamu hakuna mwenye nafasi ya kusikiliza hadithi.

SHEE: Tuje kwenye ajira. Nani anaajiri?

KHADIJA: Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Jedwali la Nne linaikabidhi kaunti huduma za ambulensi. Kwa hiyo mwajiri wa kwanza wa kumtazama ni serikali ya kaunti, na matangazo yake hutolewa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Wapo Msalaba Mwekundu na St John niliowataja, zipo kampuni za ambulensi mijini, na sehemu kama bandari, viwanja vya ndege na hoteli kubwa za Malindi na Watamu nazo huhitaji watu wenye ujuzi huu. AMREF Flying Doctors, walioanza mwaka 1957, husafirisha wagonjwa kwa ndege, lakini huko hutafutwa wauguzi na madaktari wenye uzoefu, si mtu aliyetoka chuoni jana. Sitamdanganya mtu: nafasi si nyingi, mikataba mara nyingi ni mifupi, na zamu za usiku hazina heshima ya sikukuu.

SHEE: Basi tumalizie na karatasi ambazo mtu anapaswa kuwa nazo mkononi.

KHADIJA: Kitambulisho, hati ya KCSE, cheti cha chuo, usajili, na cheti cha tabia njema kinachoombwa kupitia eCitizen. Leseni ya udereva humweka mbele ya wenzake, na hapa Lamu anayejua kuogelea ajiandike hivyo hata kama hakuulizwa. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ianze mapema, kwa sababu dozi zake tatu huchukua miezi sita kukamilika, na utagusa damu za watu kabla ya hapo. Cheti cha kufufua moyo, kama ni kile cha Chama cha Moyo cha Marekani, hudumu miaka miwili tu, kisha unarudia mafunzo.

SHEE: Kuna msikilizaji wa Matondoni aliyeuliza kama umri wa miaka 34 umepita.

KHADIJA: Haujapita. Kama ni baharia, namwomba aje hata kesho. Akapate kwanza cheti cha huduma ya kwanza, na wakati anasubiri kujiunga na chuo awafundishe wenzake wa boti kumlaza mgonjwa na kumfunga machelani.

SHEE: Dada Khadija, ahsante. Wiki ijayo, inshallah, tutakuwa na nahodha anayesafirisha wagonjwa kutoka Faza, kwa hiyo wenye maswali kuhusu boti na vifaa vyake watutumie mapema.